Tupeane uzoefu: feni ya ndani ya gari imekata, wewe ulianzia wapi?

Mkaazi wa Fuoni
Assalaam alaykum. Naanza mie, nyinyi mfuate.

Gari yangu Toyota IST. Masika yamekolea, natoka Fuoni asubuhi kwenda mjini, kioo cha mbele kimejaa ukungu. Nabonyeza AC, taa inawaka, feni kimya. Nikashusha dirisha, bega la kulia likarowa lote, mkono mmoja kwenye usukani, mwengine na kitambaa. Feni hiyo ndiyo ya hita pia. Najua mtasema hita ya nini Unguja, lakini feni ni hiyo hiyo moja: inasukuma upepo wa moto, wa baridi na wa kufuta kioo. Ikifa, vyote vimekufa.

Fundi wa mwanzo alisema gesi imekwisha. Akajaza, nikamlipa 50,000, feni haikutikisika. Mie nilikuwa sijui kwamba gesi haizungushi feni. Gesi ikiisha, upepo unatoka kama kawaida ila hauna ubaridi.

Fundi wa pili ni mzee, hakushika hata bisibisi. Akaniuliza: "Mwanangu, ilikufa ghafla au iliaga?" Nikakumbuka kwamba kama wiki mbili nyuma namba za kasi ya feni, 1, 2 na 3, zilikuwa hazifanyi kitu, namba 4 tu ndiyo inapuliza. Akacheka, "Basi iliaga." Namba ndogo umeme unapitia kwenye rezista ili upunguzwe, ile ya mwisho unakwenda moja kwa moja kwenye mota. Rezista ikiungua, inabaki ya mwisho peke yake.

Akatoa kisanduku cha mbele ya abiria, akachomoa soketi ya rezista: plastiki imeyeyuka, nyeusi tii. Akaniambia niizungushe feni kwa kidole. Nzito, kama inasaga mchanga. Hapo ndipo nilipoelewa. Bushi za mota, pale unapozungukia mhimili wake, zimekauka, mota inavuta umeme mwingi kuliko inavyopaswa, rezista ikaungua mwanzo, soketi ikafuata. Ningebadilisha rezista tu ingeungua tena mwezi ule ule.

Dereva wa Mkoani
Yangu ilikuwa na tabia ya kupigwa ndio ifanye kazi. Ukigonga chini ya dashibodi upande wa abiria, inazunguka. Ukipita kwenye shimo, inanyamaza. Basi kila anayekaa mbele namwambia, "Samahani bibi, hebu gonga hapo kwa kisigino." Bibi mmoja wa Chake alinijibu hakulipa nauli aje kupiga teke gari za watu.

Kumbe kaboni za mota, zile zinazopeleka umeme ndani yake, zimekwisha. Ukigonga na ikaamka, usianzie kwenye fyuzi wala rezista, mara nyingi ni mota. Nilivumilia miezi miwili hivi mpaka siku injini ilipopanda moto kwenye milima ya kwenda Chake. Sie wa zamani injini ikichemka tunafungua hita mpaka mwisho, rejeta yake ndogo inasaidia kupoza maji. Nafungua hita, feni haipulizi, nagonga, haipulizi. Abiria wote wakashuka.

Nikaagiza mota ya skrapu kutoka Unguja. Ikafungwa, ikazunguka vizuri, lakini upepo haumkaushi mtu jasho. Siku mbili tunatafuta kilichoziba. Waya mbili zilikuwa zimepishana, feni inazunguka kinyume!

Mpwani wa Nungwi
Huku kwetu chumvi ndiyo fundi mharibifu. Fyuzi nzima, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inalia "tak", mota mpya, hakuna kitu. Kijana mmoja akaja na taa ya kujaribia. Akaifunga kwenye bodi ya gari na kugusa waya wa umeme wa mota, ikawaka. Akaifunga kwenye waya wa athi wa mota, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, badala ya bodi yenyewe, haikuwaka. Athi imeliwa na kutu. Kipande cha msasa na dakika kumi. Ile mota mpya ninayo mpaka leo, anayetaka aseme.

Kaka wa Amani
Fyuzi ikikata msiweke kubwa zaidi, na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ndiyo kabisa msiiweke. Nilifanya hivyo. Harufu ya waya kuungua haijatoka garini.

Mwalimu wa Bububu
Mie gari inalala chini ya mwembe. Feni ilianza kutafuna, tarrr tarrr, kisha kimya. Nikadhani mota. Ilikuwa kiota cha panya, pamoja na uzi wa mtandio wangu niliokuwa nikiutafuta tangu Ramadhani.

Mgeni wa Wete
Jamani, yangu haina namba, ni AC ya otomatiki ya vitufe. Imekwama kwenye kasi moja, hata nikizima inapuliza. Nayo ni rezista?

Mkaazi wa Fuoni
Hapana ndugu yangu, hizo zina moduli ya transista inayodhibiti kasi, na kukwama hivyo mara nyingi ndiyo yenyewe. Usiku chomoa fyuzi yake usije ukaamka betri imekauka.

Na mie bado nna shida yangu: soketi nzima ya rezista ya IST naipata wapi mjini? Zote nilizoonyeshwa zimekatwa waya mfupi, haziungiki.