Naomba ushauri: nawalisha wengine, mwenyewe nina njaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huu ni mwaka wa 3 naongoza vijana kanisani, na kuna jambo linanisumbua moyo. Siku hizi nikifungua Biblia, kalamu iko mkononi tayari: natafuta la kufundisha, si la kunilisha mimi. Juzi binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wiki hii Mungu amesema nini na wewe?" Nikabaki kimya. Somo zima lilikuwa kwenye daftari, ila langu binafsi sikuwa nalo.

Nimesoma Kutoka 18, Yethro alivyomwonya Musa kwamba atachoka yeye na watu pia, achague wengine wa kubeba mzigo pamoja naye. Nikamkabidhi kijana mmoja maombi ya Ijumaa. Alipochelewa mara mbili nikayarudisha kwangu. Nadhani nilikosea, maana sasa hata ibadani haonekani, na hilo linaniuma kuliko yote.

Mliotangulia katika huduma, nisaidieni. Mnatengaje muda wa kukaa na Mungu bila kuandaa somo? Mlezi wa kiroho mlimpataje, kama mchungaji ana mengi? Na huyu kijana nimwendee vipi?