Tupeane uzoefu: dawa za maumivu baada ya kubadilishiwa goti

Mstaafu wa Mpwapwa: Leo nimemwona jirani akiteremka kwenye bajaji kwa magongo, nikakumbuka usiku wangu wa kwanza wodini. Ganzi ya mgongo ilipoanza kuisha nilikataa kidonge, nikiamini kwamba mwanamume huvumilia. Ilipofika saa nane usiku goti lilikuwa likipwita hadi nyongani, na hata sindano niliyochomwa ilichelewa kunituliza, kwa sababu maumivu yakishapanda hayashuki upesi. Wenzangu, ninyi mlimezaje dawa zenu?

Mama wa Kikuyu: Ni kweli, mzee wangu. Mimi nilimeza nusu saa kabla ya mazoezi, la sivyo goti lisingekunjika.

Binti wa Kondoa: Shikamooni. Baba yangu aliruhusiwa akiwa na dawa zake, mojawapo diclofenac, ya kutuliza maumivu. Siku ya kumi, maumivu yalipomnyima usingizi, shangazi alimletea vidonge vingine kutoka duka la dawa, naye akavimeza juu ya vile vya hospitali, tena tumbo likiwa tupu, bila kujua kwamba ni dawa ileile yenye jina jingine. Siku ya nne ya kumeza hivyo alipata choo cheusi kama lami, akaanguka uani. Tulimkimbiza hospitali usiku huo, akaongezewa damu, na daktari akasema vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja.

Mama wa Kikuyu: Pole sana, mwanangu! Shangazi alijua?

Mkazi wa Area C: Ndiyo maana nasema vidonge ni sumu. Barafu inatosha.

Muuguzi wa Kongwa: Kaka, usiwatishe wagonjwa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hupunguza uvimbe, lakini hapa mfupa umekatwa. Kilichomdhuru mzee ni kuzidisha dawa. Hata paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake.

Mama wa Kikuyu: Tramadol, ile dawa kali ya maumivu, nayo hufunga choo. Mlenda na papai vilinisaidia.

Mstaafu wa Mpwapwa: Mlenda haukunisaidia hata kidogo, ni maji mengi na kutembea. Binti, mzee anaendeleaje?

Binti wa Kondoa: Anafika msikitini kwa mkongojo mmoja. Dawa zake ninazitunza mwenyewe, na kila anapomeza ninaandika saa kwenye daftari.