Wababa mlioachana na mama watoto, binti akikukatia mawasiliano mliishije? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kimara

Wakuu, salaam. Naomba uzi huu uwe wa watu waliopitia, si wa kubahatisha.

Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha nne, bweni. Mahakama ilitoa talaka yetu yeye akiwa darasa la tano. Akabaki kwa mama yake Moshi, mimi nikabaki Dar. Miaka ya mwanzo tulikuwa vizuri tu. Likizo ya Desemba anakuja, tunashuka Kariakoo kununua sare na madaftari, usiku ananisimulia vituko vya darasani mpaka nasinzia. Alipoingia kidato cha pili mambo yakaanza kupoa. Kwanza majibu ya neno moja moja. Kisha likizo haji, ana twisheni. Siku hizi nikipiga simu ya mama yake wakati wa likizo nasikia sauti yake kwa mbali: "Mwambie nimelala." Saa moja jioni.

Ada nalipa. Mama yake simlaumu, na naomba tusiwatukane akina mama humu, tukianzia hapo hatutafika popote. Pia sihitaji "damu nzito kuliko maji, akikua atarudi". Hiyo nimeambiwa kanisani, nimeambiwa kijiweni, nimeambiwa na kaka zangu. Ninachotaka kujua ni baba anafanya nini wakati anasubiri. Aliyepitia aseme alifanya nini na ikawaje, hata kama haijazaa matunda.

Mkulima Uyole

Pole sana mkuu. Wangu alinigomea akiwa na miaka 15, na kwetu huku binti hafuatwi na baba, anafuatwa na shangazi.

Nilikwenda kwa dada yangu mkubwa. Sikumtuma akanisemee wala akamkaripie mtoto. Nilimwomba amchukue likizo ya Juni akae kwake wavune mahindi, kama alivyokuwa akimchukua zamani. Mama yake hakuwa na neno, maana yeye na wifi yake waliendelea kuheshimiana hata baada ya sisi kuachana.

Mimi nikawa napita pale kwa shughuli za kweli: kuleta magunia, kuchukua plau, kuangalia mahindi yamekauka kiasi gani. Sikumwita pembeni. Siku ya kwanza tumekaa kula, akaja na birika na beseni kutunawisha. Akaanza kwa shemeji yangu, akaenda kwa binamu zake, mimi akanifikia mwisho. Shikamoo aliitoa macho yakiwa kwenye mdomo wa birika. Nikaitika "marahaba mama", nikanawa, tukala. Baadaye dada akaniambia: ungeongeza neno moja pale, angeweka birika chini akaondoka.

Wengi wetu tukipata dakika moja na mtoto tunataka kumaliza habari ya miaka yote. Yeye anaona anavamiwa. Likizo iliyofuata alikuja mwenyewe kwa shangazi yake bila kuitwa, na akaniuliza kwa nini nimeuza yule ng'ombe mwekundu. Tukaongea habari za ng'ombe jioni nzima. Ya kwangu na mama yake aliyauliza baadaye sana, alipotaka yeye.

Baba wa Nakuru

Mimi ni Mkenya, niko Nakuru. Huku Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au hawakuoana. Nilienda kortini nikiitegemea ibara hiyo, na korti ikanipa wikendi moja kila mwezi na nusu ya likizo.

Ilikwenda vizuri hadi alipofika miaka 14. Wikendi ya mwisho aliletwa Ijumaa jioni, akakaa kwenye kochi na jaketi lake hajalivua, begi mapajani. Nilipika chapati na maharagwe, kitu alichokuwa akigombania na binamu zake tangu mdogo. Hakugusa. Alilala na lile jaketi. Jumapili nilimrudisha mapema, na njiani hatukusemezana.

Wakili alikuwa tayari turudi kortini tuseme amri inavunjwa. Nikakataa. Nilimpigia mama yake, tukakubaliana asilazimishwe tena. Kwa kuwa anacheza voliboli, nikaanza kwenda kwenye mechi za shule yao. Nasimama na wazazi wengine, napiga makofi, mechi ikiisha namsalimia yeye na wenzake, naondoka. Rafiki zangu waliniambia nimekubali kunyang'anywa haki yangu. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Ile karatasi ningeweza kuitumia mpaka atimize miaka 18, na siku hiyo hiyo angeondoka asirudi.

Sasa ratiba ya mechi ananitumia mwenyewe. Kulala kwangu hajalala tena.

Mzee wa Kimara

Asanteni sana, hilo la jaketi limenigusa. Ndugu mmoja ananishauri niende ofisi ya ustawi wa jamii nimfungulie mama yake mashitaka kwamba ananizuia kumwona mtoto. Kuna mwenye uzoefu wa huko?

Ustawi Mstaafu

Nimefanya kazi hiyo katika halmashauri mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto. Halafu inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefika umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii yao. Ile habari ya mtoto wa chini ya miaka 7 kukaa na mama, ambayo wengi wanaijua, ni dhana tu na inaweza kupingwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Sasa binti wa miaka 17, afisa akikaa naye peke yake, atakachosema ndicho kitakachoingia kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayokwenda mahakamani. Akisema hataki, umeshajua mwisho wake. Na akitimiza 18 si mtoto tena kisheria. Mashitaka hayatakusaidia, ndugu yangu, na yataandikwa moyoni mwake kama siku uliyompeleka mama yake kwa wakubwa.

Lakini ofisi ile si ya mashitaka peke yake. Unaweza kuomba usaidizi wa ushauri: afisa azungumze na binti kwanza, peke yake, bila kukuahidi wewe chochote. Omba afisa mwanamke kama yupo.

Niongeze nilichokisikia vikaoni. Hasira ya binti mara nyingi si ya talaka. Ni ya jambo moja ambalo anaweza kukutajia siku na saa. Baba aliahidi kuja kwenye kipaimara, mtoto akakaa kanisani anageuka kila mlango unapofunguka. Baba amepata mtoto mwingine, yeye kaambiwa na jirani. Picha za ndoa ya pili kaziona kwenye status ya WhatsApp ya ba mdogo. Wazazi wanakuja wamejiandaa kujieleza habari ya ndoa yao, kumbe mtoto anasubiri aulizwe habari ya mlango ule wa kanisa. Kwa hiyo ukipata nafasi, uliza, kisha nyamaza. Usijitetee siku hiyo.

Na ada. Kifungu cha 129 kinamtaka baba amtunze mwanawe awe anakaa naye au hakai naye. Asikupigie mwaka mzima, ada iko palepale. Wapo wababa waliokuja ofisini kwangu wakisema "nikikata ada atanitafuta". Walitafutwa kweli, na tarishi wa mahakama. Mtoto hawakumpata.

Binti wa Iringa

Shikamooni baba zangu. Naomba niseme, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisema nimelala.

Baba alihamia mkoa mwingine nikiwa darasa la saba. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na simu zake zilikuwa na maswali yale yale. Shule vipi? Umekuwa wa ngapi? Halafu sauti inashuka: mama yako yuko na nani hapo? Nilikuwa nakaa na simu sikioni nasubiri swali la tatu. Nikijibu namsaliti mama, nisipojibu nimemficha baba. Mama hakuwahi kunikataza kuongea naye, hilo naapa. Niliacha kupokea kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma kila Jumapili mchana, na hakuna mtu aliyejua kwa nini.

Ada alilipa yote. Nashukuru. Lakini nikiwa na miaka 16 ada nilikuwa naiona ni mambo yake na mhasibu wa shule.

Tulivyorudiana haikuwa kikao. Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kuomba mkopo wa chuo, na Bodi ya Mikopo inahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti changu halisi kilikuwa kwake. Ikabidi nimpigie. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Yeye akasema: "Kipo kwenye bahasha ya khaki, nakuletea." Akapanda basi usiku. Tulikaa wote kwenye kompyuta ya mtu wa stesheneri tukijaza fomu, yeye kavaa miwani ananisomea tarakimu moja moja, mimi naandika. Ilipofika sehemu ya taarifa za wazazi akamjaza mama jina lake lote, kazi yake na namba ya simu, bila kuuliza kitu kuhusu yeye. Mtandao ulikuwa unakatika, tukaenda kula wali maharage, tukarudi. Hakuniuliza mbona ulikuwa hupokei. Nilimwambia mwenyewe kituoni wakati anarudi, habari ya swali la tatu. Akakaa kimya muda mrefu, akasema hakujua.

Kwa hiyo baba wa Kimara, angalia unamuuliza nini. Muulize rafiki yake anaitwa nani. Muulize wanakula nini Jumatano.

Mtu wa Chake

Assalaam alaykum. Huku kwetu Pemba mambo ya talaka na watoto tunayapeleka kwa Kadhi. Wangu alipofika umri wa kupambanua alichagua kwa mamake, nami nikaridhia, matumizi natoa. Alipopevuka akaanza kunikimbia njiani. Akiniona dukani huzungukia nyuma ya msikiti.

Wazee wenzangu wakinambia mwache, akitaka kuolewa atakuja, wewe ndiwe walii, msimamizi wa kumwozesha. Ni kweli kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi ndoa ya binti haisihi bila ya walii, na wa mwanzo ni baba. Lakini maneno yale sikuyapenda na siyapendi mpaka leo. Nawajua waliomngoja mtoto kwenye posa ili amwombe. Binti akamwomba, akaozwa, na hakukanyaga tena nyumba ya babake.

Mimi kila Idi niliweka kitambaa chake na mkono wake wa Idi kwa mama yangu mzazi, kwenye bahasha yenye jina lake. Sawasawa na nduguze wa kwa mke wangu wa sasa, hakupungukiwa wala hakuzidishiwa. Kwa bibi yake alikuwa haachi kwenda. Mama akimpa akisema "hii ya babako", basi, hazidishi neno. Mwaka mmoja nikaona kitambaa kile kashona na kakivaa barazani, nami napita. Nikatoa salamu kwa wote waliokaa, akaitikia.

Kijana alipotaka kuleta wazee, alinijia yeye mwenyewe mwanzo akanambia. Alhamdulillah.

Dereva wa Tunduma

Mimi bado. Binti yangu ana miaka 19 sasa, yuko chuo. Siku yake ya kuzaliwa namwandikia, nikiwa mpakani au nikiwa Lubumbashi, na tiki mbili za bluu naziona. Hajibu. Kunizuia hajanizuia, na hilo nalishikilia. Nimesoma hapo kwa Iringa mara mbili. Nitaendelea kuandika, ila nitaandika habari za njiani, si za kumlaumu.

Mzee wa Kimara

Wakuu, Mungu awabariki. Ustawi Mstaafu, mashitaka nimeyatoa kichwani. Dereva, kaka, tuko pamoja, nitafute inbox.

Ninaye dada anaishi Arusha, nitaongea naye habari ya likizo baada ya mtihani. Ila kuna jambo la karibu zaidi: mahafali yao ya kidato cha nne ni Oktoba. Mama yake atakuwepo na mume wake. Kadi ya mwaliko mimi sijapewa, lakini shule inanifahamu kama mzazi. Niende?

Baba wa Nakuru

Nenda.

Mkulima Uyole

Mimi ningemuuliza mama yake kwanza. Akisema njoo, unakwenda na amani.

Binti wa Iringa

Nenda baba, lakini asikuone ghafla mbele ya wenzake. Mpigie mwalimu wa malezi mapema amwambie kwamba unaomba kuja, na akikataa mheshimu, mtumie zawadi kupitia kwa mwalimu huyo huyo. Akikubali, nenda peke yako. Usinunue keki, hiyo mwachie mama yake. Msalimie mume wa mama yake kwa mkono, kila mtu atakuwa anawaangalia ninyi wawili, na yeye ndiye atakayeangalia kuliko wote. Jina lake likiitwa piga makofi. Picha akitaka atakuita. Asipokuita, usimfuate, mpe hongera ukimkuta na rafiki zake, uwahi basi la kurudi Dar.

Na mtihani wa Novemba usimuulize kabisa.