Tupeane uzoefu: usonji, ulemavu na makumbusho ya sayansi

Wakuu, mwanangu ana miaka tisa, ana usonji, na sayari anazitaja kwa mpangilio bila kukosea. Nikampeleka makumbusho ya sayansi. Sayari zenyewe hatukuzifikia. Alipita chooni kunawa, mashine ya kukaushia mikono ikanguruma, akaziba masikio na kujikunyata chini ya sinki nusu saa nzima. Tukarudi nyumbani.

Mara ya pili nilipiga simu kwanza. Dada wa mapokezi akanitumia picha za mlango, korido, choo, mpaka mashine yenyewe. Tukazipitia kila jioni kwa wiki nzima. Siku ilipofika, akaiona, akasema "huyo hapo", akajifuta mikono kwenye suruali na kupita zake. Kwenye sayari alikaa mpaka wanafunga.

Leteni ya kwenu, hata ya kuudhi.

Magurudumu: Natumia kiti mwendo. Mteremko mlangoni upo, lifti ipo, nikajua leo nimefika. Kumbe meza ya hadubini ni ndefu kama kaunta, na chini imezibwa mbao, magoti hayaingii. Mhudumu akajitolea kunieleza anachokiona. Jamani, nimetoka kwangu kwenda kusimuliwa seli ya kitunguu? Kwingine wameunganisha hadubini na skrini, tukaangalia wote, na watoto wakaacha kusukumana.

Mikono Inasema: Mimi ni kiziwi. Ukumbi wa nyota, taa zikazimwa, mkalimani wangu wa lugha ya alama akamezwa na giza. Onyesho zima nimeangalia nukta nyeupe. Nilipolalamika, safari iliyofuata walimmulika kwa taa ndogo nyekundu. Mwanga mwekundu hafifu hausumbui sana macho yaliyokwisha kuzoea giza, ndiyo maana watazama nyota huutumia. Walikuwa nayo stoo muda wote!

Vidole Kumi: Sisi tusioona tunakutana na "usiguse" kila kona. Siku niliyopewa mfano wa Mwezi wenye mabonde ya kupapasa, nilihisi kingo za kreta, yale mashimo ya Mwezi, kwa kucha, foleni nyuma yangu ikasubiri. Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona, akawa mwanaastronomia kwa kuzisikiliza data zilizogeuzwa sauti. Sasa mimi nizuiwe kushika jiwe?

Mtu wa Ndani: Nafanya kazi sehemu kama hizo, naomba msinipige mawe. Tulipoanzisha saa tulivu, taa tukapunguza, spika tukazima, tukapanga na kona ya kupumzikia yenye mito. Hakuna mwenye usonji aliyeulizwa lolote. Kona tukaiweka kando ya mtambo wa kutengeneza radi.

Mwanzisha uzi: Nimecheka peke yangu hapa 😂 Mligunduaje?

Mtu wa Ndani: Mtambo ulipolia, binti mmoja aliinuka, akakokota mto wake hadi chumba cha visukuku, akalala chini ya mkia wa dinosaria. Kesho yake tukahamishia huko na mito mingine.