Niko kwenye methadoni, nina miaka 31, niliishia kidato cha kwanza. Nianze kusoma sasa au nisubiri?

KijanaWaGereji:
Habari za mchana wakuu. Naomba mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nilianza unga, yaani heroini, nikiwa na miaka 17, hapa hapa Temeke. Mwanzoni ulikuwa unachanganywa kwenye msokoto wa bangi, baadaye nikavuta wenyewe mtupu. Ili nipate kete ya asubuhi kabla arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haijanikunja, nilikuwa nang'oa vioo vya magari. Nikakamatwa, nikafungwa miaka miwili. Nilipotoka, jioni ileile nilikuwa maskani kwa wavutaji.

Aliyenitoa ni dada yangu. Alinifuata siku tatu mfululizo, ananiletea chapati, ananitazama nikila, anaondoka bila kusema neno. Siku ya nne nikamfuata kliniki.

Huu ni mwaka wa nne kila asubuhi nakunywa dirishani kliniki dozi ya methadoni, dawa ya kutuliza arosto, na unga sijaugusa. Nipo gereji, na bosi ananiachia funguo za magari ya wateja, mimi niliyekuwa naiba vioo. Lakini mashine ya kupimia hitilafu ikiandika Kiingereza, napiga picha nampelekea kijana wa duka la jirani anisomee. Inaniuma sana.

Nataka cheti cha ufundi na nataka kidato cha nne. Nyumbani wanasema nimalize methadoni kwanza. Mwenzangu mmoja ananishauri niombe kupunguziwa dozi haraka ili asubuhi zangu ziwe huru. Nifanyeje?

SistaZamuUsiku:
Mdogo wangu, hongera, na mpe dada yako salamu zangu. Mimi ni muuguzi. Dozi usiipunguze kwa sababu ya ratiba ya darasa. Hiyo hupangwa na daktari wako, polepole, mwili ukiwa tayari. Mtu akikatisha haraka arosto inarudi, na akiteleza akavuta kiasi alichokizoea zamani, mwili umeshapoteza uzoefu ule. Anaacha kupumua. Nimeshaona, sipendi kusimulia. Na pombe au vidonge vya usingizi juu ya dozi usiguse kabisa.

Waambie wa nyumbani methadoni ni dawa kama ya presha. Mwenye presha hasubiri kupona ndipo asome. Kliniki kuna mshauri, mweleze kuhusu masomo ili mpange saa ya kufika.

Mwalimu_Tabata:
Kwa aliyeishia kidato cha kwanza, mlango ni mtihani wa maarifa wa NECTA, Baraza la Mitihani, wengi wanauita QT. Ukifaulu, unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yaani ni miaka miwili kwa uchache, mitihani iko mwisho wa mwaka na usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, usije ukakumbuka mwezi wa saba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, ni kwa ajili ya watu kama wewe, na vituo vya jioni viko vingi mjini. Kabla ya kutoa hela muulize mkuu wa kituo masomo ya sayansi wanafundishaje. Wengine wanakupa noti tu.

Kiingereza anza leo na hayo maneno ya mashine. Daftari moja, maneno matano kwa siku.

MtotoWaPangani:
Nimepita humo humo, Tanga. Ninachopinga ni kubeba vyote viwili mwaka mmoja. Mimi nilijaribu, nikalemewa, na siku nilipofeli hesabu miguu yenyewe ilinipeleka kijiweni. Nilisimama mlangoni nikampigia mjomba. Sikuingia.

Anza na ufundi, maana kazi unaijua tayari. VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, wana urasimishaji wa ujuzi: aliyejifunzia gereji anapimwa anachokijua, anafundishwa alipopungukiwa, anapewa cheti. Chuo chao cha Chang'ombe si mbali na wewe, nenda ukaulize ufundi magari. Huko utapata moyo wa kuingia QT.

Kisiki77:
Mwizi ni mwizi tu. Gari langu walilivua taa zote.

KijanaWaGereji:
Kaka Kisiki, nakuomba radhi. Kama si mimi, ni wenzangu. Sina cha kujitetea.

MamaWawili:
Mwanangu, hapo kwenye radhi umenitoa machozi. Wangu bado yuko maskani, ana miaka 24. Naomba uniambie, zile chapati za dada yako, ulikuwa unawaza nini ukila?

KijanaWaGereji:
Mama, siku ya kwanza niliwaza niziuze. Siku ya pili nilizila kwa njaa. Siku ya tatu niliona kandambili zake zimekatika, ametembea kwa miguu kutoka Mtoni. Usichoke kwenda, na usimpe hela mkononi.

Wakuu, asanteni. Dozi siipunguzi, kesho nikitoka dirishani nabaki kuongea na mshauri. Jumatatu bosi amenipa ruhusa niende Chang'ombe. QT naiweka mwakani. Daftari nimenunua, neno la kwanza ni "misfire", kijana wa dukani amenieleza kumbe ni pale injini inapokosa kuchoma vizuri, kitu ambacho kwa sikio nilikuwa nakijua siku zote.