Naomba ushauri: kununua mtoto wa paka wa Kiajemi kwa mfugaji mwaminifu

Ndugu wanachama, salaam. Ninaishi Mombasa na ninakusudia kumnunulia binti yangu mtoto wa paka wa Kiajemi mwenye cheti cha nasaba, lakini safari hii sitaki kuharakisha. Mwaka jana muuzaji mmoja alinikabidhi kipaka kwenye maegesho ya magari akidai kina miezi 3, ilhali daktari wa mifugo alipokitazama meno alikadiria hakijafikisha wiki 7. Kilikuwa kikipiga chafya, macho yakitoa machozi ya rangi ya kahawia, na siku ya 5 kikafa kwa kuharisha, kimelala mapajani mwa binti yangu.

Sasa nimempata mfugaji wa Nairobi aliyekubali niende kwake nimwone mama pamoja na wanawe, na ambaye hamwachii mtoto kabla ya wiki 12 na chanjo mbili. Hayo yamenitia moyo sana. Kinachonitatiza ni kwamba nilipoomba majibu ya kipimo cha vinasaba cha ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo, ambao paka hawa huweza kuurithi hata kwa mzazi mmoja tu, alijibu kwamba wazazi wote ni wazima na kipimo hakihitajiki, ingawa dalili zake huweza kuchelewa miaka mingi.

Je, nisisitize kipimo hata kama gharama nitailipa mimi? Na ni masharti gani yaandikwe kwenye mkataba kabla sijatoa arubuni? Natanguliza shukrani.