Ulinganisho: dokumentari ipi inamsimulia vizuri mwongozaji wa picha za X?

Kamera_Moja: Wakuu, kikundi chetu kinataka kuonyesha dokumentari moja kuhusu waanzilishi wa filamu za ngono Marekani, kisha tuijadili. Shida yetu ni ufundi: unamsimuliaje mtu ambaye kazi yake haitajwi mezani? Nimebakiwa na tatu: Inside Deep Throat (2005) kuhusu filamu ya ngono ya Deep Throat ya 1972, I Always Said Yes (2013) ya Jim Tushinski kuhusu Wakefield Poole, na Candice (2019) ya Sheona McDonald kuhusu Candida Royalle. Kura yenu?

Mla_Filamu: Ya kwanza ina mbwembwe, haichoshi. Ila Gerard Damiano, mwongozaji wa Deep Throat, aliyetoka kwenye saluni huko Queens, New York, akashika kamera, anapita humo kama mwalikwa wa harusi. Dokumentari imemezwa na kesi za filamu chafu, hasa mwigizaji wake Harry Reems kutiwa hatiani Memphis mwaka 1976. Kipande ninachokipenda: mzee msambazaji wa Florida anahojiwa, mkewe yuko pembeni anamfokea anyamaze. Hofu ya mafia bado imo ndani ya nyumba ile, miaka thelathini baadaye!

BintiPangani: Na Linda Lovelace, mwigizaji mkuu wa Deep Throat, je? Aliandika mwaka 1980 kwamba mumewe alimlazimisha kwa kipigo kuigiza. Alifariki 2002. Wanaume wanakaa wanamjadili naye hayupo kuwajibu. Siipi kura.

Steji_Kwanza: Poole, jamani. Mcheza baleti wa Ballet Russe de Monte Carlo, kisha Broadway, halafu 1971 anakwenda kisiwa cha Fire Island, New York, na vijisenti anapiga Boys in the Sand. Akaitangaza kwenye New York Times, kwa jina lake halisi, tena filamu ya mashoga, miaka ile! Baadaye kokeini ikamla, akaishia kuwa mpishi. Mzee anayaeleza mwenyewe, hajionei huruma.

Mla_Filamu: Anajieleza, sawa. Nani anambana?

BintiPangani: Ndiyo maana nasema Candice. Royalle alianza kama mwigizaji, mwaka 1984 akaanzisha Femme Productions ili filamu hizi zitengenezwe kwa jicho la mwanamke. McDonald anamkuta akiwa na saratani, anamtafuta mama aliyemwacha akiwa mtoto mdogo. Hapo hakuna hotuba ya kukariri; hajui atapata jibu gani, na kamera nayo haijui. Alifariki Septemba 2015.

Steji_Kwanza: Lakini asiyemjua atatoka ukumbini hajui alibadilisha nini kwenye fani.

BintiPangani: Hilo nakubali. Mwenyeji atoe maelezo dakika kumi kabla.

Mla_Filamu: Jingine, Inside Deep Throat ilipewa daraja la NC-17 huko kwao, yaani watoto hawaingii. Ukumbi wenu una mlinzi mlangoni?

Kamera_Moja: Mlinzi ni mimi 😂 Basi Candice. Ila hata hiyo naipeleka kwanza bodi ya filamu, sitaki kuitwa ofisini baadaye. Steji, hayo maelezo ya dakika kumi utayatoa wewe.

Steji_Kwanza: Nitakuja, na Poole nitamchomekea.